Sime Nne za Kaburini: Jinsi ya Kuisoma The Lord of the Rings Bila Kukwama

Ukiwauliza watu walioanza kusoma The Lord of the Rings, riwaya ya safari ya Frodo kwenda kuiteketeza pete ya Sauron, Bwana wa Giza wa Mordor, wakaiacha njiani, utaona wengi wamekwama mahali pale pale. Wapo walioishia kwenye utangulizi, ambako mwandishi anaeleza habari za tumbaku ya mahobiti, watu wadogo wa riwaya hii, kabla msomaji hajakutana na hobiti hata mmoja. Wapo walioshindwa na Tom Bombadil, mwenyeji wa ajabu wa msituni, na nyimbo zake. Wapo walioingia kwenye baraza la Elrond, bwana wa maelfi (watu wasiokufa kwa uzee) kule Rivendell, wakapitiwa na usingizi. Na lipo kundi kubwa lililofika katikati, vita vimepamba moto upande mmoja, likafungua ukurasa na kukuta hadithi imerudi nyuma karibu wiki nzima, kwa watu wawili waliopotea kwenye miamba.

Sehemu hizo zote ni ngumu kweli. Lakini kila mojawapo inabeba kitu ambacho riwaya itakuja kukidai baadaye. J.R.R. Tolkien anaandika kama mwenye duka anayejua kila senti iliyoko kwenye daftari la madeni. Kitu kikitolewa sura ya nane, kitarudi sura ya hamsini. Nguvu ya kitabu hiki, kwa maoni yangu, haiko kwenye uchawi wala ukubwa wa majeshi. Iko kwenye hesabu hiyo ya vitu, siku na huruma, na msomaji anayeifuatilia anapata kitabu kikubwa zaidi kuliko yule anayekimbilia vita. Katika kuieleza nitataja mambo ya mwisho kabisa, kwa hiyo anayetaka kufika huko bila kujua chochote asome riwaya kwanza.

Tuanze na umbo lake, maana hapo ndipo wengi wanapoanza vibaya. Tolkien alikuwa profesa wa Oxford, mtaalamu wa Kiingereza cha kale, aliyepigana Somme mwaka 1916 akiwa ofisa wa mawasiliano. The Hobbit ilitoka Septemba 1937, ikapendwa, mchapishaji akaomba mwendelezo. Aliuanza Desemba mwaka huohuo na hakuumaliza hadi 1949. Kazi ikawa kubwa mno kwa bei ya karatasi ya miaka ile baada ya vita, ndipo ikagawanywa juzuu tatu: ya kwanza Julai 1954, ya pili Novemba 1954, ya tatu Oktoba 1955. Kwa hiyo hizi si riwaya tatu. Ni riwaya moja yenye vitabu sita ndani yake na sura 62: kitabu cha kwanza sura 12, cha pili 10, cha tatu 11, cha nne 10, cha tano 10, cha sita 9. Ukitaka kupumzika, pumzika mwisho wa kitabu, si mwisho wa juzuu peke yake, kwa sababu vitabu hivyo sita ndivyo mwandishi alivyovijenga kama vyumba, kila kimoja na mlango wake.

Sasa Tom Bombadil. Filamu za Peter Jackson zilimwacha kabisa, na wasomaji wengi wanashauriana wamruke pia: sura ya sita, ya saba na ya nane za kitabu cha kwanza. Nakubali kwamba nyimbo zake zinachosha na kwamba mwendo unapungua pale ambapo tayari tunajua wapanda farasi weusi, watumishi wa Sauron waitwao Nazgûl, wako nyuma. Ila ukiiruka sura ya nane umeng'oa msumari unaoshikilia sura za mbele sana.

Katika sura hiyo mahobiti wanne, Frodo, Sam, Merry na Pippin, wanapotea kwenye ukungu juu ya vilima vya makaburi ya kale, wanakamatwa na pepo la kaburini, na Tom anakuja kuwatoa. Kabla hawajaondoka anachagua kutoka kwenye hazina ya kaburi visu vinne virefu, vyenye umbo la jani, vikali, akampa kila hobiti kimoja. Kwa mtu mzima ni visu. Kwa hobiti ni sime. Anawaambia vilifuliwa zamani na watu wa Magharibi waliokuwa adui wa Bwana wa Giza, lakini walishindwa na mfalme mwovu wa nchi ya Angmar. Maelezo yenyewe ni mistari michache, na msomaji mwenye haraka hayaoni.

Fuata sime hizo. Ya Frodo inavunjika mwisho wa kitabu cha kwanza, kwenye kivuko cha mto, mkuu wa wapanda farasi anapoinua mkono wake tu. Ndiyo sababu Bilbo, jamaa yake mzee aliyemrithisha pete, anampa Frodo upanga wake mwenyewe, Sting, kule Rivendell. Ya Merry inafika hadi uwanja wa vita wa Pelennor, kitabu cha tano sura ya sita. Hapo mkuu wa Nazgûl, ambaye hakuna silaha ya kawaida inayomtisha, anasimama mbele ya Éowyn, mwanamke wa ukoo wa kifalme wa Rohan, na Merry anatambaa kwa nyuma na kumchoma nyuma ya goti. Mkuu huyo ndiye yule yule mfalme wa Angmar. Sime ilifuliwa kwa ajili ya vita dhidi yake, na wafuaji wake walikufa zamani wakiwa wameshindwa. Mwandishi anasimama kidogo katikati ya vita kusema kwamba hakuna upanga mwingine, hata ukishikwa na mikono yenye nguvu zaidi, ambao ungemjeruhi vile. Éowyn anamalizia kichwani. Sime yenyewe inateketea kama kuni kavu.

Kwenye filamu, Aragorn, kiongozi wao wa njia na mrithi wa ufalme, anawapa mahobiti silaha usiku kwenye kilima cha Weathertop bila maelezo yoyote, na pigo la Merry linabaki kuwa bahati na ushujaa. Kwenye riwaya ni deni la karne nyingi linalolipwa na mtu mdogo asiyejua hata kwamba analipa. Tofauti hiyo peke yake inatosha kumfanya mtu avumilie nyimbo za Tom.

Ya Pippin inatumika sura ya mwisho ya kitabu hichohicho cha tano, mbele ya Lango Jeusi la Mordor, anapomchoma jitu lililokuwa linataka kumuua mwenzake. Imebaki ya Sam, na hiyo ndiyo iliyowekwa kwa ustadi kuliko zote. Kuielewa lazima tuzungumze kwanza kuhusu siku.

Wengi hawajui kwamba hadithi hii ina kalenda kamili. Frodo anarithi pete tarehe 22 Septemba mwaka 3001 wa Enzi ya Tatu, na anaondoka nyumbani tarehe 23 Septemba 3018. Kati ya sura ya kwanza na ya tatu kuna miaka 17, si usiku mmoja kama filamu inavyofanya ionekane. Baraza la Elrond ni tarehe 25 Oktoba. Msafara unaondoka Rivendell tarehe 25 Desemba. Gandalf, mchawi mwema anayewaongoza, anaanguka Moria tarehe 15 Januari (atarudi baadaye). Kundi linavunjika tarehe 26 Februari, na pete inateketea tarehe 25 Machi 3019. Kalenda ya mahobiti ina miezi yenye siku 30 kila mmoja, na siku zilizobaki za mwaka haziingii mwezi wowote. Kwa hiyo usishangae ukiona tarehe 30 Februari kwenye jedwali la nyuma. Si kosa la mchapaji. Siku hiyo ndiyo Éomer anakutana na Aragorn na wenzake wa msafara, Legolas na Gimli, waliokuwa wakiwafukuza maorki, askari wa adui, kwa miguu, na kusikia kwamba wametembea ligi 45 kabla siku ya nne haijaisha, yaani kilomita 217 hivi. Éomer ni mpanda farasi wa Rohan, anajua maana ya umbali huo, na heshima yake kwao inaanzia kwenye namba.

Tolkien aliihangaikia kalenda hiyo kwa kiwango cha kuumiza kichwa. Katika barua aliyomwandikia mwanawe Christopher Mei 1944 alilalamika kwamba miezi yake angani ilikuwa inafanya mambo yasiyowezekana, ikichomoza sehemu moja ya nchi huku inazama sehemu nyingine wakati uleule, ikabidi arudi kuandika upya vipande vya sura za nyuma. Msomaji wa pwani aliyezoea kuhesabu siku kwa mwezi ataona mara moja alichokuwa anakitafuta. Katika sura ya kwanza ya kitabu cha tano, Pippin yuko juu ya farasi na Gandalf usiku, mwezi mpevu unang'aa, anajiuliza kama Frodo yu hai. Mwandishi anasema Pippin hakujua kwamba Frodo, mbali sana, alikuwa anautazama mwezi huohuo ukizama upande wa nchi ya Gondor kabla ya alfajiri. Na kweli, rudi kitabu cha nne sura ya sita: Faramir, nahodha wa Gondor, amemwamsha Frodo kabla ya mapambazuko, na kutoka juu ya maporomoko ya maji wanauona mwezi mpevu ukienda kuzama. Sura hizo zimetenganishwa na kurasa nyingi na juzuu mbili tofauti. Kinachoziunganisha ni ule mwezi.

Tarehe 10 Machi ni mfano mwingine. Siku hiyo hakupambazuki, giza la Mordor limefunika anga. Pippin analiona kutoka Minas Tirith, mji mkuu wa Gondor, Merry analiona akiwa na wapanda farasi wa Rohan wanaoanza safari, na Sam na Frodo wako chini yake kwenye njia panda yenye sanamu ya mfalme aliyekatwa kichwa. Giza ni moja, limesimuliwa mara tatu, na kila mmoja anadhani ni lake peke yake. Chukua penseli na uandike tarehe juu ya kila sura kuanzia kitabu cha tatu. Kiambatisho B kina jedwali lake lote. Kazi hiyo ni ya dakika chache na inabadilisha usomaji mzima.

Sasa hapa ndipo lilipo kosa linalofanywa na wasomaji wenye nia njema. Kitabu cha tatu kinafuata Aragorn, Merry, Pippin na vita vya Rohan hadi tarehe 5 Machi. Kitabu cha nne kinarudi nyuma hadi mwisho wa Februari na kumfuata Frodo, Sam na Gollum, aliyekuwa na pete kabla ya Bilbo, peke yao. Kitabu cha tano kinarudi tena kwa Gandalf na vita. Kuna wanaoshauri usome kwa kuchanganya: sura moja ya hapa, sura moja ya kule, kufuata tarehe. Inawezekana kabisa, kwa sababu tarehe zinashikana. Lakini usifanye hivyo, angalau mara ya kwanza.

Sababu yake ni sime ya Sam. Mwisho wa kitabu cha nne, Frodo ameumwa na Shelob, buibui mkubwa. Sam anadhani bwana wake amekufa. Anaichukua pete ili amalize kazi, anauchukua upanga Sting, na kando ya mwili wa Frodo anaiacha sime yake mwenyewe, ile ya kaburini. Muda si mrefu maorki wanaukuta mwili na kuubeba, na Sam anasikia wakisema kwamba mtu huyu hajafa. Mlango unafungwa mbele yake. Frodo yu hai na yuko mikononi mwa adui, na kitabu kinaishia hapo. Waliosoma juzuu ya pili ilipotoka Novemba 1954 walikaa na habari hiyo karibu mwaka mzima.

Kisha zinakuja sura kumi za kitabu cha tano, na hatumwoni Frodo aliyekamatwa hata mara moja. Jeshi dogo la Gandalf na Aragorn linafika mbele ya Lango Jeusi tarehe 25 Machi. Mjumbe wa Sauron anatoka kwa dharau na kuwaonyesha vitu: sime fupi aliyobeba Sam, joho la kijivu lenye kifungo cha maelfi, na vazi la chuma laini la Frodo. Wote wanaamini kazi imeshindwa. Msomaji aliyefuata mpangilio wa mwandishi yuko nao, maana kitu cha mwisho alichokijua ni kwamba Frodo amekamatwa. Aliyesoma kwa tarehe tayari amemwona Sam akimwokoa Frodo mnara wa Cirith Ungol siku kumi nyuma, na kwake mjumbe huyo ni mwongo tu anayepiga kelele.

Lakini msomaji makini ana kitu cha tatu, na hapa ndipo ninapomvulia Tolkien kofia. Vitu vilivyoonyeshwa havina Sting. Tena mjumbe anaongea kama aliyemkamata mpelelezi mmoja, wakati vitu ni vya watu wawili. Ukikumbuka kwamba Sam aliiacha sime yake kwa hiari na kuondoka na Sting, unajua jambo ambalo Gandalf mwenyewe hawezi kulijua: Sam hakukamatwa. Tumaini lipo pale mbele ya macho ya wote, limefichwa ndani ya orodha ya vitu, na mwandishi hasemi neno. Anamwachia msomaji aliyeweka hesabu. Sijui riwaya nyingine ya aina hii inayomwamini msomaji wake kiasi hicho.

Hesabu ya chakula na mizigo nayo inastahili kufuatwa, na Sam ndiye mtunza stoo. Wanapoondoka Rivendell tunasomewa alichofunga: vyombo vya kupikia, kijisanduku cha chumvi, tumbaku, vifaa vya kuwashia moto, nguo za sufu. Kisha anakumbuka amesahau kamba na kujilaumu. Anaipata Lórien, kwa maelfi, na wiki chache baadaye kamba hiyo ndiyo inayomshusha Frodo kwenye jabali la Emyn Muil. Maelfi wanawapa pia mkate wa safari, kipande kimoja kikimtosha msafiri kwa siku nzima ya kazi ngumu. Kuanzia hapo unaweza kuhesabu pamoja nao vipande vinavyopungua. Frodo na Sam wanazungumza waziwazi kuhusu chakula cha kwenda, na wakati fulani Sam anagundua kwamba hakuna mpango wowote wa chakula cha kurudi.

Sura ya nne ya kitabu cha nne watu wengi wanaikumbuka kwa kichekesho cha viazi. Mimi naikumbuka kwa sufuria. Gollum ameleta sungura wawili. Sam anatoa sufuria zake mbili ndogo, moja ikiingia ndani ya nyingine, kijiko cha mbao, uma wenye meno mawili, na chini kabisa ya mkoba kile kijisanduku cha chumvi inayozidi kupungua. Anataka majani ya kunukia, anapika mchuzi, na kwa muda mfupi hao watu wawili wako nyumbani. Kisha anasahau kuuzima moto vizuri, moshi unapanda, na askari wa Faramir wanafika. Mlo mmoja umeleta faraja na hatari kwa pamoja, na ndio uliofungua nusu nzima ya kitabu.

Rudi kwenye sufuria hizo katika kitabu cha sita sura ya tatu. Wako Mordor, maji yanaisha, Frodo hawezi tena kubeba kitu. Wanatupa kila kisichohitajika. Sam anazibeba sufuria hadi kwenye ufa wa ardhi na kuzitupa humo, kwa sababu hataki Gollum azichezee, na mlio wake zikigonga chini gizani unamuumiza kuliko kitu chochote alichopoteza hadi hapo. Hakuna hotuba. Hakuna anayesema kwamba hawatarudi. Sufuria zimekwisha kusema. Anayezijua tangu Rivendell analia hapa. Aliyeziruka anaona mtu anatupa vyombo.

Na ipo hesabu ya huruma, ambayo ndiyo inayoamua mwisho. Bilbo angeweza kumuua Gollum akamwacha. Tolkien alilazimika hata kuiandika upya sura hiyo ya The Hobbit kwa toleo la 1951, kwa kuwa katika toleo la kwanza Gollum alikuwa tayari kuitoa pete kama zawadi ya kushindwa mafumbo, jambo lisilowezekana kwa pete tunayoijua sasa. Maelfi wa Mirkwood walimfunga kwa upole. Frodo anamsamehe kule kwenye miamba, Faramir anamsamehe kwenye bwawa kwa ombi la Frodo, na Sam, ambaye hakuwahi kumpenda hata dakika moja, anashindwa kumuua kwenye mteremko wa mlima wa moto. Halafu Frodo anafika ukingoni na kushindwa. Anaidai pete iwe yake. Gollum anaing'ata pamoja na kidole na kuanguka nayo. Ukiondoa huruma yoyote kati ya hizo, dunia inapotea. Wanaosema pete iliangamizwa kwa bahati wamesoma ukurasa wa mwisho tu.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika hawezi kulipita kimya. Watu wa Kusini na Mashariki katika riwaya hii, watu wa Harad wenye ndovu wakubwa, wako upande wa Sauron karibu bila ubaguzi, na katika maelezo ya vita vya Pelennor wapo watu weusi wanaofananishwa na nusu-majitu. Sentensi hiyo ni mbaya. Haisafishiki kwa kusema mwandishi alikuwa mtu wa zama zake, na mwalimu anayeifundisha riwaya hii aisome darasani na kuijadili badala ya kuifunika. Lakini asome pia ukurasa ambao Sam anaona vita vya binadamu kwa mara ya kwanza, askari wa Kusini anapoanguka karibu naye. Sam anajiuliza mtu huyo jina lake nani, anatoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mbaya au alidanganywa na kutishwa hadi akafanya safari ndefu kutoka kwao, na kama asingependelea kubaki nyumbani kwa amani. Aliyeandika hivyo alikuwa ameona maiti za vijana wa pande zote mwaka 1916. Nasikitika kwamba jicho lile la Sam halikutumika kitabu kizima.

Baraza la Elrond, sura ya pili ya kitabu cha pili, lina takriban maneno 15,000, na ndilo refu kuliko sura zote. Ligawe mara mbili. Kikao cha kwanza soma hadi Bilbo na Frodo wamalize kusimulia habari zao, kisha funga kitabu. Kikao cha pili anza Gandalf anapoeleza alikuwa wapi wakati wote ule. Shika maswali matatu tu: pete hii ni ile kweli, Gandalf alicheleweshwa na nani, na ifanywe nini. Majina mengine ya kale yaache yapite, yatarudi yenyewe. Angalia tu Saruman na Sauron wasikuchanganye: wa kwanza yuko mnara wa Orthanc na ni msaliti, wa pili yuko Mordor na hatumwoni uso kamwe.

Kwa anayesoma kwa Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, msamiati wa miti, mabonde na aina za nyasi usikusimamishe. Kamusi ikae mbali hadi mwisho wa sura. Nyimbo usizisome kwa macho. Zisome kwa sauti. Yeyote aliyewahi kusikiliza utenzi ukighanwa anajua kwamba mashairi ya simulizi hukaa vibaya kwenye ukurasa mkimya. Wimbo mrefu wa Eärendil kule Rivendell unaweza kuusogeza hadi usomaji wa pili. Mashairi ya Rohan, hasa lile analolisema Aragorn wakikaribia Edoras, mji wao mkuu, usiyaruke, maana ndiyo yanayokupa roho ya watu wale kabla hujafika kwao.

Kuhusu nakala: hakikisha ina ramani na viambatisho vyote A hadi F. Matoleo yanayofuata maandishi yaliyosahihishwa mwaka 2004 ndiyo salama zaidi, kwa sababu makosa mengi ya uchapaji ya matoleo ya zamani yaliondolewa. Nakala nyembamba za juzuu moja zina karatasi laini na ramani iliyomezwa na mshono wa katikati. Za kielektroniki mara nyingi ramani haikuziki ikasomeka. Itafute picha yake kubwa, uihifadhi kwenye simu. Ramani ya pili, ya Gondor na Mordor peke yake, ambayo Christopher Tolkien aliichora kwa ajili ya juzuu ya tatu, utaihitaji kuanzia kitabu cha nne. Sura moja inachukua kama saa moja. Sura moja kwa siku inakupa miezi miwili, mwendo ambao kitabu hiki kinaupenda. Mwanzo wa kitabu cha nne, ambako wengi hukata tamaa kwa kuwa rafiki wote wametoweka na nchi ni mawe na matope, soma sura mbili kwa siku hadi Faramir atokee.

Usiache pete inapoteketea. Zinabaki sura sita, na ya nane kati ya tisa za kitabu cha sita, mahobiti wanaporudi na kukuta kwao miti imekatwa na chakula kinakusanywa na wababe wa Saruman, ni miongoni mwa bora kabisa. Filamu iliiacha. Bila sura hiyo hatuoni kwamba Merry na Pippin wamekuwa watu wanaoweza kuikomboa nchi yao wenyewe bila Gandalf.

Utangulizi uusome sehemu ya kwanza na ya nne tu mwanzoni. Tumbaku na serikali ya mahobiti vinaweza kusubiri. Viambatisho navyo si vya kusomwa kwa mfululizo. B iwe mkononi tangu kitabu cha tatu. Kutoka A, soma kisa cha Aragorn na Arwen mara tu baada ya sura ya harusi yao, kwa sababu ndani ya riwaya Arwen, binti wa Elrond, haongei karibu kabisa na bila kisa hicho uchaguzi wake hauna uzito. D ni ya wanaopenda kalenda. E na F ni za wanaopenda lugha, na hao hawahitaji kushawishiwa.